MAISHA YA ARKIDIAKONI OWEN, MTETEZI WA WALIPA KODI

Taarifa ya mwaka huwa na hesabu za fedha, majina ya viongozi na orodha ya kazi zilizotendeka. Hayo yote ni ya lazima. Lakini vyama vya ustawi vina asili yake katika nchi hii ya magharibi ya Kenya, na ni vema kila mwanachama aijue. Mmojawapo wa watu waliofungamanisha kazi ya ustawi na kazi ya kutafuta haki alikuwa mhubiri wa Injili, Arkidiakoni Walter Edwin Owen. Twayaeleza maisha yake hapa kwa kifupi, mema yake pamoja na mapungufu yake, maana habari za mtu aliyeipenda kweli hazifai kupambwa.

Owen alizaliwa Uingereza katika miaka ya 1870. Mwaka wa 1904 alitumwa Uganda na misioni ya C.M.S., akafanya kazi huko kwa miaka mingi. Mwaka wa 1918 aliwekwa kuwa Arkidiakoni wa Kavirondo. Hilo ndilo jina walilotumia watawala kwa nchi yote iliyo kati ya Ziwa Victoria na Mlima Elgon, nchi ya Wajaluo na Waluyia. Wabukusu walihesabiwa katika Kavirondo ya Kaskazini. Bali Tongaren yetu, pamoja na Trans Nzoia, ilikuwa nchi ya mashamba ya Wazungu, ambayo Mwafrika aliingia kama kibarua tu.

Alifika wakati wa dhiki. Vita Kuu ilikuwa inamalizika, na maelfu ya vijana waliochukuliwa kuwa wapagazi hawakurudi makwao. Mwaka wa 1920 nchi iligeuzwa kutoka hali ya kulindwa ikawa Koloni, na watu wakaogopa kwamba ardhi yao haina mwenyewe tena ila Mfalme wa Uingereza. Kipande kikaletwa, ambacho kila mwanamume alipaswa kukichukua popote aendapo. Kodi ikapandishwa hata kufikia shilingi 16, na papo hapo mishahara ikapunguzwa.

Ndipo tarehe 23 Desemba 1921 watu walipokutana Lundha, katika Gem, wakiongozwa na walimu na vijana waliosoma Maseno, miongoni mwao Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende. Wakaanzisha chama kilichojulikana kwa Kijaluo kama Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Mwaka wa 1922 Gavana Northey alikutana nao, na kodi ikapunguzwa hata shilingi 12. Lakini Serikali iliwatazama vijana hao kwa hofu, na hofu ya Serikali siku zile iliweza kumfikisha mtu gerezani au uhamishoni.

Owen aliona njia mbili za hatari: vijana kuvunjwa kwa nguvu, au malalamiko yao ya haki kunyamazishwa. Mwaka wa 1923 alikubaliana nao kuunda chama kipya, Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, yaani Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo. Okwiri alimwachia Owen kiti cha urais. Jina lenyewe lilikuwa na hoja ndani yake: mtu alipaye kodi ana haki ya kuuliza kodi yake imefanya nini.

Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya waletao tauni, kupanda miti, kutolaza ng'ombe ndani ya nyumba wanamolala watu, na kujiepusha na ulevi. Wako waliocheka kwamba siasa imegeuzwa kuwa mambo ya panya. Lakini chama hicho hicho kiliendelea kupeleka Serikalini maombi juu ya kodi, ardhi, shule na kipande, na Owen akawa mwandishi wa barua asiyechoka.

Jambo lililomwudhi sana ni kazi ya lazima. Sheria iliruhusu wanaume wazima kuitwa kwa kazi za umma, bila malipo, hata siku 24 kwa mwaka. Lakini katika Kavirondo wanawake na watoto pia walikuwa wakitolewa kwenda kutengeneza barabara. Owen hakutosheka kulalamika mimbarani. Aliwaandikia maofisa, na walipokuwa wazito kusikia, aliandika katika magazeti ya Uingereza, hasa Manchester Guardian, ili walio na mamlaka juu ya Koloni wajue linalotendwa kwa jina lao. Mwaka wa 1930 mataifa yalipatana Geneva kwamba popote kazi ya lazima itakapokuwa bado ipo, asilazimishwe mwanamke wala mtoto.

Mwaka wa 1931 dhahabu ilionekana Kakamega. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1930 ilikuwa imeahidi kwamba nchi za wenyeji ni zao daima, na kwamba sehemu ikichukuliwa, nyingine ya kiasi kile kile itatolewa badala yake, baada ya baraza la wenyeji kuulizwa. Mara dhahabu ilipopatikana, mwishoni mwa mwaka wa 1932, sheria ilibadilishwa ili ardhi ichukuliwe pasipo kutoa nyingine wala kuuliza baraza. Ahadi haikudumu hata miaka mitatu. Owen aliisema waziwazi kuwa ni uvunjaji wa neno lililotolewa, na jambo hilo likafika hata Bunge la Uingereza. Sheria mpya haikuondolewa. Lakini haikupita gizani.

Mwaka wa 1938 alisimama tena, akipinga sheria iliyoruhusu watoto wa miaka kumi kuandikwa kazi. Kelele alizozipiga zilisaidia kuilazimisha Serikali kuunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto.

Haya hayakumpatia raha. Masetla walimchukia, hata wakaligeuza jina la cheo chake likawa jina la pepo. Wako na wamisionari wenziwe waliodhani kwamba mhubiri aseme juu ya mbingu, ya kodi awaachie watawala. Yeye alishika mafundisho ya manabii wa kale, Amosi na Mika, ambao hawakutenga ibada na mizani ya sokoni.

Hata hivyo yatupasa kusema na upande wa pili. Owen alikuwa Mzungu aliyewasemea Waafrika, na chama kiliegemea mno juu yake. Vijana wa Piny Owacho waliotaka kusema kwa ukali walifundishwa kungoja. Katika miaka ya 1930 Waluyia walioumizwa na mambo ya ardhi waliunda chama chao wenyewe, North Kavirondo Central Association, kwa kuwa waliona sauti ya kuazima haitoshi. Hawakukosea. Mtetezi mwema hutangulia njia, lakini mwenye haki hana budi kuja kuidai kwa kinywa chake.

Owen alifariki dunia mwaka wa 1945, miaka 41 tangu kufika kwake Afrika ya Mashariki. Hakuishi kuiona siku ya Uhuru mwaka wa 1963, wala mashamba ya Tongaren yakigawanywa na kukaliwa na wananchi.

Tumejifunza nini? Sisi wa Tongaren tu Marafiki, Wakatoliki, Waanglikana na wengineo, na sala zetu hazifanani. Lakini wote twajua jirani aliyesogeza mpaka, mjane aliyenyimwa shamba la marehemu mumewe, na shahidi aliyenyamaza barazani ili asiwaudhi wakubwa. Kuchimba choo ni ustawi. Kumsemea mjane kweli ni ustawi pia, tena ni mgumu zaidi, kwa kuwa choo hakina adui. Chama kinachofanya la kwanza na kuliogopa la pili kimefanya nusu ya kazi yake. Mwanachama ajaye barazani na aje na jambo lililochunguzwa, lenye siku na mahali, naye alitamke bila chuki na bila woga.