Kivoi wa Kitui: Tajiri wa Pembe na Funzo la Faida na Hasara

Ukimtajia mtu neno yoga, mara moja humfikiria mtu aliyekunja miguu chini na kufumba macho. Lakini Wahindi wana kitabu chao cha kale, Bhagavad Gita, chenye sura 18, na kila sura huitwa yoga ya jambo fulani. Humo yoga si kukunja viungo tu. Ni hali ya moyo kubaki sawa, mtu apate au akose. Kitabu chafundisha kwamba kazi ni ya mwanadamu, lakini matunda ya kazi hayamo mkononi mwake. Mwenye duka wa Kitui mjini au wa Wote, Makueni, aliyewahi kuona bidhaa zake zikiharibika kwa msimu mmoja mbaya, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia maneno hayo.

Basi leo, msomaji, na tuyapime kwa kitabu hicho maisha ya mtu mmoja wa huku kwetu, Kivoi wa Mwendwa. Kipimo hiki si cha kulazimisha, kwa maana pembe alizopeleka Mombasa ziliishia mikononi mwa Wahindi, na kutoka hapo zikavushwa bahari hadi Bombay. Siku hizo hata ushuru wa forodha wa pwani ulikuwa umekodishwa kwa nyumba ya Banyani Jairam Shivji wa Unguja.

Wakamba hawakuanza biashara kwa kutafuta utajiri. Walianza kwa njaa. Kutoka Mbooni, katika Makueni ya leo, baadhi yao walivuka mto Athi wakaingia Kitui, nchi kavu ambayo mvua zake haziaminiki. Mavuno yalipokosekana walikwenda kwa majirani kubadilishana vitu kwa chakula, na safari hizo waliziita kuthuua. Kwa njia hiyo walizijua njia, wakajifunza lugha za watu, wakachanjiana undugu na wageni. Undugu huo ndio uliokuwa mtaji wao wa kwanza. Pembe za ndovu zilipopanda bei huko pwani, njia za chakula zikageuka kuwa njia za mali.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyotawala biashara ya kati ya bara na Mombasa, na Kivoi alikuwa miongoni mwa vinara wake. Aliweza kuongoza mamia ya watu kwa safari moja. Walishuka na pembe, wakarudi na merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba. Habari zake zilikuwa zimefika kwa wakuu wa Mombasa. Yasemekana hata mji wa Voi umepata jina kutokana naye.

Tukisema hivyo, tusimpambe kupita kiasi. Kivoi alikuwa pia na watumwa, na jambo hilo haliwezi kufutwa kwa sifa za ushujaa. Kitabu tulichokitaja kingemuuliza swali zito: je, aliyewashika wenzake alikuwa ameweza kuishika tamaa yake mwenyewe?

Mwaka 1849 Daktari Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekaa Rabai, alianza safari ya kwenda Ukambani. Alipita Kikumbuliu, upande wa Kibwezi, akavuka mto Athi na uwanda wa Yata, na mwisho wa Novemba akafika kwa Kivoi. Mwenyeji alimpokea vizuri. Ndiye aliyemsimulia habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe kileleni, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuona katika safari zake. Tarehe 3 Desemba, akiwa Kitui, Krapf aliuona kwa macho yake. Jina aliloliandika, kama alivyolisikia kwa Wakamba, ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yetu, Kenya. Wataalamu wa Ulaya walibisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, kumbe mfanyabiashara wa Kitui alikuwa ameijua zamani.

Krapf alirudi mwaka 1851. Mwezi wa Agosti yeye na Kivoi waliondoka pamoja kuelekea mto Tana. Mzungu alitaka kuujua mto, na Kivoi alikuwa na shughuli zake za pembe. Wakiwa karibu na mto, wanyang'anyi wakawashambulia. Msafara ukatawanyika, na Kivoi, mtu aliyezijua njia kuliko wote, akauawa papo hapo.

Krapf alipotea porini peke yake, akiwa na njaa na kiu. Alipoufikia mto alijaza maji katika mitutu ya bunduki yake, kwa kuwa hakuwa na chombo. Aliporudi kwa watu wa Kivoi hakukuta pole. Jamaa wa marehemu walitaka kujua imekuwaje mgeni arudi mzima na mwenyeji wake amelala porini. Kwa desturi yao, waliosafiri pamoja walipaswa kufa pamoja. Krapf alipoona maisha yake yamo hatarini, alitoroka usiku, na kwa taabu nyingi akafika Rabai.

Na biashara je? Baada ya miaka michache Waarabu na Waswahili wa pwani walianza kuingia bara wenyewe kutafuta pembe. Ndovu nao walizidi kupungua. Njia ambazo Wakamba walizifungua kwa miguu zikawa za wengine, na mwisho wa karne reli ikapita Kibwezi na Makindu.

Hapa ndipo maisha ya Kivoi na kile kitabu vinapokutana. Kivoi alitenda kazi yake kikamilifu, naye hakula matunda ya safari yake ya mwisho. Pembe zilikwisha, nguo zikachakaa, shanga zikapotea. Kilichobaki ni ujuzi wa njia, ukarimu kwa mgeni, na jina la mlima lililopita midomoni mwa Wakamba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopimwa kwa frasila wala kuuzwa Mombasa.

Kwa hiyo wewe unayefunga duka jioni ukihesabu hasara, au unayeshangilia faida ya leo, mkumbuke mzee huyu. Fanya kazi yako vizuri, tunza undugu wako na watu, wala usiutundike moyo wako kwenye mizani. Mali ni kama mto wa msimu: leo umefurika, kesho mchanga mtupu.