Noel Chavasse, Mkimbiaji na Daktari

Noel Chavasse na pacha wake Christopher walizaliwa mwaka 1884 mjini Oxford, Uingereza. Chuoni walikuwa hodari wa mbio na wa michezo ya mpira, na mwaka 1908 wote wawili walikimbia katika Michezo ya Olimpiki, London. Noel akawa daktari, kisha ofisa wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza.

Mwezi wa Agosti 1916, huko Guillemont, Ufaransa, aliwatafuta majeruhi usiku mbele ya adui kwa muda wa saa nne. Katika vita ile aliokoa watu wapata 20, akapewa nishani ya Victoria Cross. Mwaka 1917, huko Ubelgiji, alijeruhiwa, wala hakukubali kuwaacha wagonjwa wake. Akafa tarehe 4 Agosti, akatunukiwa nishani ile mara ya pili. Miguu aliyoizoeza uwanjani aliitumia kuwaendea wenziwe walioanguka.