Christopher Latham Sholes

Christopher Latham Sholes (14 Februari 1819 – 17 Februari 1890) alikuwa mchapishaji wa magazeti, mwanasiasa na mvumbuzi kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni, pamoja na wenzake, taipureta ya kwanza iliyofanikiwa kibiashara. Ndiye pia aliyeanzisha mpangilio wa herufi unaoitwa QWERTY, kutokana na herufi sita za mwanzo katika mstari wa juu, ambao leo unatumika kwenye kibodi za kompyuta na simu katika nchi nyingi duniani.

Maisha ya awali

Sholes alizaliwa katika kijiji cha Mooresburg, jimbo la Pennsylvania. Alipokuwa kijana alihamia mji wa jirani wa Danville, akawa mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji. Alipomaliza kujifunza kazi alielekea magharibi, akafika Milwaukee mwaka 1837, baadaye akakaa Southport, mji ambao sasa unaitwa Kenosha, katika jimbo la Wisconsin. Mwaka 1841 alimwoa Mary Jane McKinney, wakajaliwa watoto kumi.

Siasa na adhabu ya kifo

Kama wahariri wengi wa siku zile, Sholes aliingia katika siasa. Alikuwa mjumbe wa Seneti ya Wisconsin miaka 1848–1849 na tena 1856–1857. Katikati, miaka 1852–1853, alikaa katika bunge la chini la jimbo hilo.

Jambo kubwa alilolifanya huko halihusiani na mashine. Mwezi Agosti 1851 mtu aliyeitwa John McCaffary alinyongwa hadharani mjini Kenosha kwa kosa la kumuua mke wake. Maelfu ya watu walikuja kutazama, na mtu yule alihangaika kwenye kamba kwa muda mrefu kabla ya kukata roho. Gazeti la Sholes, Kenosha Telegraph, lilifuatilia kesi hiyo, naye akawa mpinzani mkali wa adhabu ya kifo. Aliongoza hoja ya kuifuta katika bunge la chini, huku Marvin Bovee akiisimamia katika Seneti. Sheria ilitiwa sahihi na gavana Leonard Farwell mwaka 1853. McCaffary amebaki kuwa mtu pekee aliyewahi kunyongwa na serikali ya jimbo la Wisconsin.

Baadaye Sholes alihamia Milwaukee, akaendelea na magazeti, na wakati wa urais wa Abraham Lincoln aliteuliwa kuwa mkusanyaji wa ushuru wa forodha katika bandari ya mji huo. Kazi hiyo ilimwachia nafasi ya kushughulika na mitambo.

Kutoka mashine ya namba hadi taipureta

Katika karakana ya Kleinsteuber mjini Milwaukee, Sholes na mchapaji mwenzake Samuel W. Soule walitengeneza mashine ya kupiga namba za mfululizo kwenye kurasa na tiketi. Walipata hataza yake mwezi Novemba 1866. Mwanasheria Carlos Glidden, ambaye naye alikuwa na uvumbuzi wake katika karakana hiyohiyo, aliwauliza kwa nini mashine inayopiga namba isipige pia herufi. Mwaka uliofuata jarida la Scientific American lilitoa habari za mashine ya kuandikia ya John Pratt, nao watatu wakaamua kujaribu.

Mfano wa kwanza ulikuwa kitufe kimoja tu, kilichotokana na kitufe cha telegrafu. Kilirusha juu kichuma chenye herufi moja hadi kigonge karatasi. Baadaye walijenga mashine nzima yenye vitufe kama vya piano, herufi zikifuata mpangilio wa alfabeti. Hataza ya mashine hiyo ilitolewa tarehe 23 Juni 1868 kwa majina ya Sholes, Glidden na Soule.

Fedha zilikuwa chache. James Densmore, mfanyabiashara aliyefahamiana na Sholes tangu zamani za magazeti, alinunua robo ya haki zote kwa kulipa gharama zilizokwisha kutumika, dola 600, bila hata kuiona mashine. Alipoiona alisema kwamba haifai kwa lolote isipokuwa kuonyesha kuwa wazo lenyewe linawezekana. Soule na Glidden walijiondoa taratibu katika kazi hiyo, na Sholes akabaki na Densmore, ambaye hakumpa raha.

Densmore alitaka mashine zijaribiwe na watu wanaoandika kutwa nzima. Mmoja wao alikuwa James O. Clephane wa Washington, mwandishi wa hati mkato. Clephane alizitumia hadi zikavunjika, moja baada ya nyingine, na kila mara alirudisha orodha ya kasoro isiyo na huruma. Sholes alikaribia kukata tamaa. Hata hivyo, alijenga upya kila mara, na kwa miaka michache mifano mingi ilitengenezwa, kila mmoja ukirekebisha kosa la uliotangulia.

Mpangilio wa QWERTY

Katika mashine ya Sholes vichuma vya herufi vilining'inia kwa duara chini ya karatasi. Mtu alipobonyeza kitufe, kichuma kiliruka juu, kikagonga, kisha kikarudi kwa uzito wake. Vichuma viwili vya jirani vilipoitwa kwa haraka viligongana na kukwama. Kwa maelezo yanayosimuliwa zaidi, Sholes alihamisha herufi ili zile zinazofuatana mara nyingi katika Kiingereza zisikae jirani ndani ya mashine. Wengine, hasa watafiti Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka wa Japani, wanaona kwamba mabadiliko yalitokana zaidi na mahitaji ya wapokeaji wa telegrafu waliofanya majaribio. Dai maarufu kwamba alitaka kuwachelewesha wachapaji halina msingi: mashine inayokwama ndiyo inayochelewesha.

Alama za mpangilio wa kwanza bado zinaonekana. Katika mstari wa kati herufi D, F, G, H, J, K, L zimefuatana karibu kama katika alfabeti. Mpangilio ulitungwa kwa ajili ya Kiingereza, ndiyo maana mwandishi wa Kiswahili ana Q na X asizozihitaji, na herufi A, anayoitumia kupita zote, imeachiwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

Remington

Mwaka 1873 Densmore alifanya mkataba na kampuni ya E. Remington and Sons ya Ilion, New York. Kampuni hiyo ilitengeneza bunduki, lakini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha ilitafuta kazi nyingine, na ilikwisha anza kuunda vyerehani. Mafundi wake waliirekebisha mashine, na asili ya cherehani ilionekana wazi: ilipambwa kwa maua na ilikuwa na pedali ya mguu ya kurudisha karatasi mwanzo wa mstari.

Iliingia sokoni mwaka 1874 kwa dola 125. Iliandika herufi kubwa tu. Haikuwa na kitufe cha 1 wala 0, kwa sababu herufi I na O zilitosha kwa kazi hiyo. Mwandishi hakuweza kuona alichokiandika mpaka karatasi ipande. Mauzo yalikuwa madogo hadi mwaka 1878, ilipotoka Remington namba 2 yenye kitufe cha kubadili herufi. Kwa kitufe hicho kila kichuma kilibeba alama mbili, hivyo herufi ndogo ziliongezwa bila kuongeza idadi ya vitufe. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayowawezesha watu wa leo wanaojijengea kibodi ndogo za mekanika kuondoa mistari mizima ya vitufe: kitufe kimoja hupewa kazi mbili au tatu.

Sholes hakufaidika na mafanikio hayo. Inaelezwa kwamba aliuza haki zake kwa dola 12,000, ilhali Densmore aling'ang'ania kulipwa kwa kila mashine itakayouzwa, akawa tajiri.

Miaka ya mwisho

Sholes aliendelea kuunda taipureta hata alipokuwa mgonjwa wa kifua kikuu, akisaidiwa na wanawe. Binti yake Lillian anaonekana katika picha ya mwaka 1872 akiitumia mojawapo ya mashine za majaribio. Alifariki mjini Milwaukee akazikwa katika makaburi ya Forest Home. Ombi lake la mwisho la hataza, alilolipeleka mwaka 1889, lilikubaliwa mwaka 1896, miaka sita baada ya kifo chake. Herufi zake hazikupangwa kwa QWERTY.