Johann Sebastian Bach na Wimbo wa Mzee Simeoni

Johann Sebastian Bach alizaliwa tarehe 21 Machi 1685 mjini Eisenach, Ujerumani, chini ya ngome ya Wartburg ambamo Dkt. Martin Luther alilitafsiri Agano Jipya. Hakuwa ametimiza miaka kumi alipofiwa na mama yake, kisha baba yake. Akalelewa na kaka yake, mpiga kinanda wa kanisa huko Ohrdruf.

Mauti haikumwacha hapo. Mwaka 1720 alirejea kutoka safarini pamoja na mtawala wa Köthen, akakuta mkewe, Maria Barbara, amekwisha kuzikwa. Mwaka uliofuata alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji hodari. Katika watoto ishirini aliojaliwa kwa wake hao wawili, kumi tu ndio waliofikia utu uzima.

Tangu mwaka 1723 alikuwa kiongozi wa muziki huko Leipzig. Mwishoni mwa Juni 1726 alifiwa na binti yake wa miaka mitatu. Miezi saba baadaye, tarehe 2 Februari 1727, Kanisa likikumbuka Yesu alivyoletwa hekaluni, alitoa kantata iitwayo Ich habe genug, yaani Nimetosheka. Aliiandika kwa sauti moja ya besi. Humo Mkristo husimama mahali pa mzee Simeoni, aliyempakata Mwokozi na sasa yu tayari kwenda zake. Hakuna kwaya wala tenzi ya kufungia. Ni sauti hiyo, zumari aina ya obo, fidla na kinanda. (Waimbaji wetu wa besi, waliozoea kuwabeba wenzao kwa chini, watafurahi kusikia hayo.)

Katikati yake upo wimbo wa kubembeleza, kama mama amlazavyo mtoto, ila yanayoimbiwa usingizi ni macho ya mtu anayekufa. Wako wanaoona humo hamu ya kufa iliyopita kiasi. Mimi sioni hivyo: ni Simeoni yule yule, ambaye hakuomba kuondoka kabla ya kumwona Bwana. Anna Magdalena, mama wa yule binti, aliunakili wimbo huo kwa mkono wake katika daftari la muziki la nyumbani.

Bach alipofushwa na ugonjwa wa macho, na upasuaji mara mbili haukumsaidia. Alifariki tarehe 28 Julai 1750, akazikwa katika makaburi ya Kanisa la Mt. Yohana, Leipzig, bila jiwe la kumbukumbu. Mwaka 1950 mabaki yanayosadikiwa kuwa yake yalihamishiwa ndani ya Kanisa la Mt. Thomas.