Daktari Livingstone na Sanduku la Dawa

Watoto, jina la Livingstone mmelisikia katika masomo ya historia. Mnajua kwamba alitembea Afrika miaka mingi, akaona maziwa na mito. Lakini kabla ya kuwa msafiri, alikuwa mganga. Leo tusome habari zake kwa upande huo: jinsi alivyopenda mimea, jinsi mimea ilivyomsaidia, na jinsi alivyokosa dawa wakati alipozihitaji kuliko wakati wote.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813, katika kijiji cha Blantyre, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Aliingia saa 12 asubuhi, akatoka saa 2 usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini. Kitabu hicho alikiweka wazi juu ya mashine, akawa anasoma maneno machache machache huku mikono yake ikifanya kazi.

Siku za mapumziko, yeye na ndugu zake walizunguka mashambani na vilimani kuchuma majani ya dawa. Alikuwa na kitabu cha zamani cha mganga Mwingereza, jina lake Culpeper. Kitabu kile kilichanganya habari za mimea na habari za nyota. Baadaye Livingstone aliyaacha mambo ya nyota, lakini mimea hakuiacha. Mwaka 1836 alianza kujifunza uganga mjini Glasgow, na mwaka 1840 akapata cheti chake. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule akapanda meli kwenda Afrika ya Kusini, kuwa mmisionari wa Kiprotestanti.

Huko wagonjwa wengi walimjia. Lakini Livingstone alijua kwamba waganga walikuwapo kabla yake. Kwa hiyo hakupenda kumtibu mgonjwa wa mganga mwingine, mpaka mganga huyo amekubali au ameshindwa. Kwa desturi hiyo njema aliishi nao kwa amani.

Mwaka 1853 alikuwa Linyanti, kwa Wamakololo, katika nchi ya chifu Sekeletu. Hapo akashikwa na homa. Akataka kujua kama waganga wa nchi ile wana dawa ambayo Wazungu hawaijui. Akamwita mganga mmoja wa chifu. Mganga akatia mizizi ndani ya chungu cha maji, akaichemsha, akamfunika Livingstone blanketi pamoja na chungu chenyewe, mvuke umwingie mwilini. Kisha akachoma vipande vya miti mbalimbali katika kigae, akamfukiza kwa moshi wake. Livingstone akatoka jasho jingi, lakini homa haikukimbia upesi. Akaona kwamba dawa yake mwenyewe inashinda. Hata hivyo hakudharau yale aliyofanyiwa. Aliandika kwamba kutoa jasho kwa namna ile kunasaidia, kukiunganishwa na dawa yake.

Na dawa yake ilikuwa nini? Msidhani ilitoka Ulaya. Zamani sana, katika milima ya Peru, Amerika ya Kusini, wenyeji walijua nguvu ya gome la mti mmoja mchungu. Wamisionari Wajesuiti waliona faida yake, na katika miaka ya 1600 gome hilo likafika Ulaya. Watu wakaliita unga wa Wajesuiti. Mwaka 1820 wataalamu wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, walitoa ndani ya gome hilo kitu chenyewe kinachoponya. Ndicho kinini.

Livingstone alichanganya kinini na mzizi mmoja wa Meksiko unaoendesha tumbo, na mzizi wa rubarbo uliojulikana tangu kale China. Alitia pia unga uliotengenezwa kwa zebaki. Unga huo siku hizi hautumiwi tena, kwa sababu ni sumu. Akaufinyanga mchanganyiko wake kuwa vidonge. Tazameni basi: katika kidonge kimoja kidogo mlikuwa na akili ya watu wa Peru, wa Meksiko, wa China na wa Ulaya.

Vidonge hivyo viliponya watu wengi katika safari zake. Lakini hakuna dawa isiyoshindwa. Tarehe 27 Aprili 1862, huko Shupanga kando ya mto Zambezi, mke wake Mary alikufa kwa homa. Mume wake aliyekuwa mganga alikaa kando ya kitanda chake, asiweze kumwokoa. Akamzika chini ya mbuyu.

Katika safari ile ya Zambezi alikuwapo mganga mwingine, Daktari John Kirk. Wawindaji wa nchi ile walipaka mishale yao sumu ya mmea unaotambaa, jina lake kombe. Kirk alichukua kidogo ya sumu ile ili aichunguze. Bahati mbaya mswaki wake ulikuwa karibu na sumu, ukaambukizwa. Alipopiga mswaki, alisikia uchungu mdomoni, na moyo wake ukaanza kupiga polepole. Akatambua kwamba sumu ile ina nguvu juu ya moyo. Baadaye Daktari Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza, na ikawa dawa ya wagonjwa wa moyo. Maarifa ya wawindaji wa Afrika yakaingia katika hospitali za Ulaya.

Mwaka 1866 Livingstone alianza safari yake ya mwisho, kutoka Zanzibar. Tarehe 20 Januari 1867, katika nchi inayoitwa leo Zambia, wapagazi wawili walitoroka porini na mizigo. Katika mizigo ile lilikuwamo sanduku la dawa. Waliwatafuta, wasiwaone. Vitambaa na bunduki vingeweza kupatikana tena, lakini kinini je? Livingstone alijiona kama mtu aliyehukumiwa kufa.

Hata hivyo hakurudi nyuma. Miezi michache baadaye aliugua vikali karibu na ziwa Tanganyika, wala hakuwa na kidonge hata kimoja. Mwaka 1869 alipatwa na ugonjwa wa mapafu, akashindwa kutembea. Ndipo Mohamad Bogharib, mfanya biashara wa Kiarabu, alipomhurumia. Aliwaambia watu wake wambebe juu ya kitanda, akampa chakula na dawa alizozijua. Hivyo akafika Ujiji akiwa hai.

Mwaka 1870 alikuwa Bambarre, katika Maniema ya nchi yetu. Miguu yake ilikuwa na vidonda vibaya, akakaa ndani ya nyumba karibu miezi mitatu. Akasaga kwa maji, juu ya jiwe, madini ya kijani yenye shaba, jinsi ile tunayoiona katika Katanga. Akayapaka juu ya vidonda kwa unyoya wa ndege. Vidonda vikaanza kupona. Aliyekuwa na sanduku zima la dawa sasa alishukuru kwa jiwe.

Mwezi wa Novemba 1871 Stanley alimkuta Ujiji, akamletea chakula na dawa. Lakini mwili wa Livingstone ulikuwa umedhoofika mno. Akaenda tena mpaka karibu na ziwa Bangweulu, akitokwa damu kila siku. Tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha chifu Chitambo, watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Alikuwa amekwisha kufa.

Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu. Wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga ndani ya gome la mti. Wakaubeba karibu miezi tisa mpaka pwani. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mapadri wa misioni ya Kikatoliki wakaupokea kwa heshima. Tarehe 18 Aprili mwaka ule Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster.

Livingstone hakujua kwamba mbu ndiye anayeleta homa ya malaria. Jambo hilo Ronald Ross alilithibitisha mwaka 1897. Mti wa kinini nao ulivuka bahari ukafika Kongo, ukapandwa milimani Kivu, na Bukavu ukawa mji wa kutengeneza kinini. Na dawa ya malaria inayotolewa sana siku hizi imetoka katika jani lililotajwa katika vitabu vya kale vya waganga wa China. Bibi Tu Youyou aliyeichunguza alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Watoto, wazee wetu wa Kamina wanajua miti mingi. Waulizeni majina yake kwa heshima, myaandike. Lakini msinywe mizizi ovyo. Kombe ni dawa mikononi mwa mwenye kupima, na ni kifo mikononi mwa asiyejua. Mwenye homa apelekwe hospitali siku ile ile.

Maswali
1. Kwa nini Livingstone alimwita mganga wa Sekeletu?
2. Vidonge vya Livingstone vilitoka katika mimea ya nchi zipi?
3. Ni nani waliomsaidia baada ya sanduku la dawa kupotea?
4. Taja mti mmoja wa kwenu unaotumiwa kuwa dawa. Ni sehemu gani inayotumiwa: jani, gome au mzizi?