Franz Stuhlmann, mtafuta vidudu wa Ruwenzori

Stuhlmann alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1863, akasomea elimu ya wanyama. Mwaka 1888 alifika Zanzibar. Buibui aliowakusanya miaka ile ya kwanza waliandikiwa makala Hamburg mwaka 1895.

Juni 1891, akiwa na Emin Pasha, alipanda Ruwenzori kwa bonde la Butahu, teritware ya Beni. Emin, ambaye macho yalikuwa yameharibika, hakufika mbali. Stuhlmann akaendelea: msitu, mianzi, kisha ile miti ya erika yenye vijani vidogo kama sindano na ndevu-ndevu zinazoning'inia, mahali ambapo wadudu na buibui hujificha baridi. Karibu mita 4,000 akageuka.

Mwisho wa mwaka, huko Ituri, ndui ikaingia katika msafara. Emin akabaki na wagonjwa, akamwamuru Stuhlmann aondoke na wazima. Oktoba 1892 Emin akauawa.

Mikusanyo ya Stuhlmann ilifika Ulaya. Chozi mmoja wa Ruwenzori na fuko mmoja wanaitwa stuhlmanni. Wapagazi waliobeba ile mizigo hawakupewa hata sisimizi. Baadaye aliongoza kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Alikufa Hamburg mwaka 1928.