Habari za Simbamwene, Mwanamke Aliyetawala Morogoro

Kila yanapojadiliwa mambo ya haki za wanawake huku kwetu Munisagara, wazee husema kwamba mwanamke kuwa na amri juu ya wanaume ni desturi ya Kizungu. Vijana waliosoma nao hukubali, ila wao huisifu. Basi, wasomaji wapendwa, tumeona vema kuwaletea habari za Simbamwene, aliyetawala Morogoro kabla ya Wazungu kuweka serikali yao katika nchi hii.

Baba yake alikuwa Kisabengo, mtu aliyekusanya wafuasi wengi, na kati yao watumwa waliotoroka, akajenga mji wenye boma karibu na mto Ngerengere, chini ya milima ya Uluguru. Majirani walimwogopa sana. Kabla ya kufa alimwachia enzi binti yake mkubwa, na mji ukaitwa kwa jina la binti huyo. Hapa tuangalie neno moja. Waluguru, Wasagara na Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, lakini mara nyingi cheo chenyewe hukaliwa na mjomba, kisha na mpwa wake. Mwanamke ni njia ya kupitishia cheo, mwanamume ndiye akikaliaye. Simbamwene alikikalia mwenyewe.

Mwaka 1871 alipita hapo Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, akienda kumtafuta Livingstone. Aliona ukuta wa mawe wenye minara minne pembeni, na malango manne yenye milango iliyonakshiwa. Akakadiria kwamba wakazi hawakupungua 3,000. Wajumbe wa Simbamwene wakamjia kudai hongo. Stanley akakataa, kwa kuwa msafara wake uliotangulia ulikwisha kulipa. Baadaye, alipokuwa amefika upande wa Mkata, njia ya kuja Kilosa, aliwarudisha askari wachache kumtafuta mpishi wake aliyepotea. Simbamwene akawakamata askari wale na kuwatia minyororoni, wala hawakufunguliwa mpaka mfanyabiashara mmoja Mwarabu alipowaombea.

Tusimsifu kwa hayo yote. Misafara ya watumwa ilipita katika njia ileile, na wanawake wenzake walikuwamo wamefungwa. Enzi yake haikuwafaa kitu.

Lakini wale wadhanio kwamba Ulaya ndiyo iliyotufundisha cheo cha mwanamke wakumbuke miaka. Siku zile Uingereza ilikuwa na malkia, na huku sehemu kubwa ya mali ya mwanamke aliyeolewa ilikuwa ya mumewe, mpaka sheria ya mwaka 1882. Kupiga kura ya bunge wanawake wa huko hawakupata mpaka mwaka 1918, tena wale tu waliotimiza miaka 30 na wenye sifa za mali. Nao waliipata kwa kushindana na wanaume wao miaka mingi.

Mwezi wa Aprili 1872 ikaja tufani kubwa, ileile iliyoharibu Unguja. Ngerengere ukafurika, ukachukua ukuta na nyumba nyingi. Stanley aliporudi kwenda pwani alikuta mji umebomoka na Simbamwene amekwisha kukimbia. Hata hivyo enzi haikutoka katika nyumba yake: Wadachi walipofika Morogoro, aliyewapokea alikuwa Kingo, mtu wa ukoo huohuo.